Fundi, Kioo Cheusi Peke Yake Hakilindi Jicho

Ukipita Daraja Mbili mjini Kisii, Suneka, Ogembo, Keroka au kandokando ya barabara mjini Nyamira, hukosi kusikia mlio wa grinda na kuona mwangaza wa fundi anayechomelea vyuma. Milango, madirisha, mageti, mikokoteni na vitanda vya mabweni ya shule hutoka katika vibanda hivi vya jua kali. Mafundi wengine hutumia kichomeo cha gesi kulehemu rejeta za magari na mabomba ya shaba ya friji. Huko Tabaka nao, wachongaji wa mawe ya sabuni hukata na kulainisha mawe yao katika vumbi jeupe tangu asubuhi hadi jioni.

Watazame watu hawa usoni. Wengine hawana kitu machoni. Wengine wamevaa miwani ya jua waliyonunua kwa mchuuzi, na wanaamini wamejikinga kwa sababu kioo chake ni cheusi. Imani hiyo imewapotezea watu macho. Katika makala ya leo nitaeleza jinsi ya kuchagua miwani ya kinga kwa kazi ya kusaga vyuma na kwa kazi ndogo ndogo za moto. Hata kama wewe si fundi, soma hadi mwisho, maana huenda una ndugu, mume au mtoto anayejifunza kazi hii.

HATARI NI TATU, WALA SI MOJA

Jicho la fundi lina maadui watatu. Wa kwanza ni vitu vinavyoruka: cheche, chembe za chuma na vipande vya diski. Wa pili ni mwanga mkali pamoja na miale isiyoonekana. Wa tatu ni vumbi, mvuke na vimiminika kama vile asidi ya betri.

Kila adui ana kinga yake. Miwani inayozuia mwanga si lazima izuie chembe, na ile inayozuia chembe huenda isizuie vumbi. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mtu humwogopa zaidi adui anayemwona, yaani ule mwanga mkali, akamsahau yule mdogo asiyeonekana akija. Kumbe mara nyingi madhara ya mwanga hupona baada ya siku mbili, lakini chembe ya chuma iliyotoboa jicho inaweza kulipofusha moja kwa moja.

MWANGA UNAFANYA NINI?

Moto wa kuchomelea kwa umeme hutoa miale ya urujuanimno kwa wingi. Miale hii huunguza konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, kama vile jua linavyoweza kuunguza ngozi. Jambo la ajabu ni kwamba fundi hasikii maumivu papo hapo. Huenda nyumbani, akala chakula cha jioni na kulala. Baada ya saa 6 hadi 12 huamka akihisi kana kwamba macho yamejaa mchanga. Machozi humtiririka, macho huwa mekundu na hawezi kutazama taa. Kwa kawaida hali hii hupungua kati ya saa 24 na 48.

Lakini asidanganyike. Anayeukodolea macho moto huo bila kinga huweza kuidhuru retina, yaani lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Retina ikiungua, kovu lake huweza kubaki katikati ya uoni, na hakuna miwani ya kusomea itakayoliondoa.

Moto wa gesi ni tofauti. Miale yake ya urujuanimno ni michache ikilinganishwa na ile ya umeme, lakini hutoa mng'ao mkali na miale ya joto. Jicho linalopokea joto hilo kwa miaka mingi huweza kupata mtoto wa jicho mapema.

CHEMBE NAYO INAFANYA NINI?

Tufanye hesabu kidogo. Grinda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika. Hii ina maana kwamba ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 238 kwa saa. Sheria yetu hairuhusu matatu kupita kilomita 80 kwa saa. Basi kinachochomoka kwenye ukingo wa diski kinaweza kuanza safari yake kwa kasi karibu mara tatu ya ile ya matatu. Kope huwahi kufumba mtu anapokurushia kokoto, lakini hapa haliwahi.

Chembe ndogo ya moto ikitua juu ya konea hujibandika hapo. Katika muda wa saa chache huanza kutoa kutu, na kutu hiyo huacha duara la kahawia ambalo daktari hulazimika kulikwangua. Mgonjwa akichelewa, vijidudu huingia, kidonda hutokea, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kovu likiwa katikati ya konea, jicho huwa kama dirisha lililopakwa chokaa.

Hatari zaidi ni chembe inayopenya ndani kabisa, hasa fundi anapopiga chuma kwa nyundo au tindo. Tundu huwa dogo sana na maumivu huenda yasiwe makali. Mtu husugua jicho, akaona bado anaona, akaendelea na kazi. Chuma kilichobaki ndani huendelea kutoa kutu kwa miezi mingi na kuiua retina polepole. Kwa hiyo usilipime jeraha la jicho kwa wingi wa maumivu.

KWA NINI MIWANI YA JUA HAIFAI?

Kwanza, kioo chake hakikutengenezwa kustahimili kishindo. Kikivunjika, vipande vyake vyenyewe huwa mikuki ya kuingia jichoni. Pili, haina ubavu, na chembe nyingi hupitia pembeni, juu au chini. Tatu, weusi wa kioo ni rangi tu. Rangi hupunguza mwanga unaoonekana, lakini haihakikishi kwamba miale ya urujuanimno imezuiwa. Tena mboni hupanuka ikiwa gizani, kwa hiyo miale isipozuiwa huingia kwa wingi zaidi kuliko kama mtu hangevaa kitu. Wale wanaokunja filamu ya eksirei na kuchungulia nyuma yake wako katika hatari hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, hata ikiwa nyeupe kama maji, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno na pia hustahimili kishindo. Kwa hiyo usiipime miwani kwa weusi wake. Hata hivyo, usichukue miwani nyeupe ukautazama moto wa umeme, kwa sababu haipunguzi mng'ao.

MIWANI IPI KWA KAZI IPI?

1. Kusaga na kukata kwa grinda. Chagua miwani nyeupe ya polikaboneti inayoufunika uso vizuri kuzunguka macho na yenye mkanda wa kuvuta. Juu yake vaa ngao ya uso ya plastiki. Ngao peke yake haitoshi, kwa kuwa cheche hupita chini yake unapoinua kichwa. Miwani hulinda macho, na ngao hulinda mashavu, meno na koo diski ikipasuka.

2. Kulehemu kwa kichomeo kidogo cha gesi. Vioo vya kazi ya moto hupewa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kioo kinavyozidi kuwa cheusi. Kulehemu kwa risasi na kichomeo kidogo huhitaji namba 2. Kulehemu mabomba ya friji kwa fimbo za shaba au fedha huhitaji namba 3 au 4.

3. Kuchomelea na kukata kwa oksijeni na asetilini. Kwa bati na vyuma vyembamba, namba 4 au 5 hutosha. Chuma kikiwa kinene zaidi, panda hadi namba 6.

4. Kuchomelea kwa umeme. Hapa miwani haitoshi, hata ikiwa nyeusi namna gani. Unahitaji helmeti au ngao ya mkononi inayofunika uso wote, maana miale huunguza ngozi pia. Kwa kazi za kawaida za mageti na madirisha, zinazotumia umeme wa ampea 60 hadi 160, namba 10 ndiyo inayopendekezwa. Usithubutu kuchomelea kwa umeme ukiwa na miwani ya gesi ya namba 5. Ndani ya helmeti vaa miwani nyeupe, kwa kuwa ukiiinua helmeti ili kugonga lile ganda la moto juu ya mshono, macho yako hubaki wazi.

5. Mawe ya sabuni. Vumbi la Tabaka ni laini kama poda, na hupita kwenye matundu ya kawaida ya miwani. Tafuta miwani ya mkanda inayogusa ngozi pande zote, ambayo matundu yake ya hewa yamefunikwa kwa vifuniko vidogo ili vumbi lisiingie moja kwa moja. Akina mama wanaolainisha vinyago kwa msasa na maji wana nafuu, kwa sababu maji hukamata vumbi. Anayetumia grinda kukata jiwe kavu anahitaji miwani pamoja na barakoa nzuri, kwani mapafu nayo huumia.

6. Asidi ya betri, chokaa na saruji. Hapa pia chagua miwani ya mkanda yenye matundu yaliyofunikwa.

Pengine utasema huna uwezo wa kununua miwani sita. Huhitaji sita. Fundi anayesaga na kutumia gesi anaweza kununua miwani ya mkanda yenye vioo viwili, cheusi cha kuinuliwa na cheupe cha kubaki. Akimaliza na moto, huinua kile cheusi, na kile cheupe humlinda anapogonga au kusaga. Hakikisha tu kwamba kile cheupe ni cha polikaboneti au kioo kilichokazwa. Ukiweza kununua kitu kimoja tu leo, nunua miwani nyeupe ya kusagia. Huuzwa kwa mia kadhaa za shilingi, nayo hukukinga na adui anayepofusha.

Neno moja zaidi kuhusu namba. Wengine hudhani kwamba kioo kikizidi kuwa cheusi ndivyo kinavyozidi kufaa. Sivyo. Kioo kikiwa cheusi kupita kiasi fundi haoni mshono wake. Huanza kuinua miwani kuchungulia, na hapo ndipo huumia. Chagua namba inayokuonyesha kazi bila kukusumbua kwa mng'ao, lakini usishuke chini ya ile inayofaa kazi yako.

UNAPOFIKA DUKANI

Usikubali kuharakishwa. Shika miwani mkononi na uikague hivi:

Tazama maandishi. Miwani ya kweli huwa na alama kwenye kioo au kwenye fremu. Z87+ ni alama ya Marekani ya miwani iliyojaribiwa kwa kishindo kikubwa. EN 166 ni alama ya Ulaya, na hufuatwa na herufi. Herufi F ina maana kwamba miwani ilistahimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 45 kwa sekunde, na herufi B ni mita 120 kwa sekunde. Ukikumbuka ule ukingo wa diski wa mita 66 kwa sekunde, utaelewa kwa nini kwa grinda ni heri miwani ya mkanda yenye herufi B. Kioo cheusi lazima kiwe kimeandikwa namba yake. Kisicho na namba kiache hapo hapo. Tazama pia kama bidhaa ina alama ya Shirika la Viwango nchini, KEBS.

Ivae. Inama, tikisa kichwa, tazama juu na chini. Isiteleze. Pitisha kidole pembeni. Kikiingia kwa urahisi kati ya miwani na shavu, chembe nayo itaingia.

Tazama kupitia kioo. Elekeza macho kwenye fremu ya dirisha au mlango. Mistari ikionekana imepinda, miwani hiyo itakuumiza kichwa na hutaivaa kwa muda mrefu.

Ikiwa unatumia miwani ya kusomea, nenda nayo dukani ujaribu miwani pana inayokaa juu yake. Miwani ya kusomea si kinga.

UKUNGU NA MIKWARUZO

Mafundi wengi wanaponiambia sababu ya kutovaa miwani hutaja ukungu. Nawaelewa. Huku kwetu mvua haikosi, asubuhi huwa na baridi, na jasho nalo hufanya kioo kuwa kama dirisha la gari wakati wa mvua. Chagua miwani yenye matundu ya hewa yanayofaa kazi yako. Kila asubuhi ioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, uipanguse polepole kwa kitambaa laini. Utaona ukungu umepungua.

Usiifute kwa shati lenye vumbi, kwa maana vumbi hukwaruza plastiki. Suuza kwanza kwa maji, kisha ufute. Ihifadhi katika soksi safi au mfuko wa kitambaa, si katika sanduku moja na nyundo. Kioo kikijaa mikwaruzo au vidoa vya cheche, kibadilishe, kwa sababu hakioni vizuri na nguvu zake zimepungua.

MSAIDIZI NA WATOTO

Mara nyingi fundi mkuu ndiye aliye na helmeti, huku kijana anayeshika chuma amegeuza uso na kufumba macho. Kijana huyo hupata mwanga na cheche zile zile. Kila aliye karibu avae miwani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Kibanda kuwa kidogo hakumwondolei mwenyewe jukumu hilo.

Na watoto je? Wengi wenu mmesikia juu ya maandishi ya nukta yanayosomwa na vipofu. Aliyeyabuni, Louis Braille, alizaliwa Ufaransa mwaka 1809 akiwa na macho mazima. Akiwa na umri wa miaka 3 alicheza na chombo cha kutoboa ngozi katika karakana ya baba yake, kikamchoma jicho moja. Jicho la pili likafuata, na kufikia umri wa miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Kisa hicho kinatufundisha mambo mawili. La kwanza, karakana si uwanja wa watoto. La pili, jeraha la jicho moja lisipotibiwa mapema huweza kuhatarisha lile jingine.

JICHO LIKISHAUMIA

Kwa chembe ndogo: Usisugue. Osha jicho kwa maji safi mengi. Isipotoka, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usikubali mwenzako aichokoe kwa njiti ya kiberiti, ncha ya sindano, uzi wala ulimi.

Kwa kitu kilichopenya, au jicho lililopigwa kwa nguvu: Usikichomoe, usioshe, usibonyeze. Funika jicho kwa kikombe safi cha plastiki kinachokaa juu ya mfupa bila kuligusa, ukibandike, kisha uende hospitalini mara moja. Usile wala kunywa njiani, kwa kuwa huenda ukahitaji upasuaji. Mweleze daktari kwamba ulikuwa ukipiga au kusaga chuma. Atakupa pia sindano ya pepopunda ikihitajika.

Kwa asidi, chokaa au saruji: Osha papo hapo kwa maji yoyote safi yaliyo karibu, kwa muda wa dakika 15 hadi 30 bila kukoma, ukiwa umefungua kope. Osha kwanza, safari baadaye.

Kwa mwanga wa kuchomelea: Kaa mahali pasipo na mwanga mkali, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na umeze dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli. Maumivu yakipita siku moja, au uoni ukififia, nenda kliniki. Usitie maziwa, asali wala maji ya majani. Usinunue dawa ya matone ya kutia ganzi ukawa unajitilia nyumbani. Huondoa maumivu kweli, lakini huzuia konea kupona na huweza kuiharibu kabisa. Matone yenye steroidi nayo ni hatari kwa jicho lenye kidonda, hivyo yasitumiwe bila daktari kulichunguza jicho kwanza.

Kwa walio karibu na mji wa Kisii, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina kitengo cha macho. Walio Nyamira waanzie katika hospitali ya kaunti, ambako watahudumiwa au kupelekwa mbele. Usingoje siku ya soko, wala usingoje umalize kazi ya mteja.

Ndugu msomaji, fundi anaweza kununua grinda nyingine ikiibwa, na mashine ya kuchomelea ikiungua anaweza kuazima ya jirani. Jicho haliazimwi. Kabla ya kuwasha mashine kesho asubuhi, jiulize maswali matatu: Ni kitu gani kitaruka? Ni mwanga gani utatoka? Ni vumbi gani litapanda? Ukishajibu, vaa miwani inayofaa, na umpe na msaidizi wako. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa jicho lililotobolewa, mara nyingine tiba yenyewe haipo.